Kitambaa Kikiinuliwa Kwenye Mwanga

Asubuhi ya siku aliyogongwa na mkokoteni, baba yangu alitunga uzi kwenye sindano mwenyewe. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa nimeketi mkekani kando ya cherehani yake, nikifumua mapindo, na hakuniita nimsaidie. Saa nne akatoka kwenda soko la Gikomba kutafuta vifungo. Mkokoteni ulimjia kutoka kushoto, umejaa magunia. Mwenye nao alipiga mluzi, akapiga na kelele, watu wote wakapisha ila yeye. Mama alipoletewa habari kwamba mumewe amevunjika mguu, neno lake la kwanza lilikuwa, "Lakini macho yake mazima. Asubuhi ametunga uzi."

Ilikuwa mwaka 1994. Nilikuwa na miaka 16, na kwa muda mrefu baada ya hapo niliamini, kama mama, kwamba anayeweza kutunga uzi anaona.

Sisi ni watu wa Majengo, Pumwani, Nairobi. Baba alikuwa fundi wa kanzu, na Majengo ni mtaa wa salamu: huwezi kupita baraza tatu bila kuinuliwa mkono mara tatu. Baba akaanza kupita bila kujibu. Akisemeshwa aliitika vizuri, lakini akiinuliwa mkono tu kutoka pembeni, alipita kama hapana mtu. Maneno yakaanza. "Fundi siku hizi hatuoni." Walimaanisha kwamba ana maringo. Kumbe walikuwa wanasema kweli tupu, na hakuna aliyejua, hata yeye mwenyewe.

Nyumbani tuliona mengine tukayapa majina mengine. Kikombe cha chai kikiwekwa upande wake wa kushoto kilimwagika, tukasema ni uzee. Alijikwaa kwenye kizingiti cha nyumba aliyozaliwa, tukasema ana mawazo. Jirani mmoja akatuambia ni mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho husubiriwa akomae ndipo atolewe. Basi tukasubiri akomae. Tulipompeleka hospitali mwaka 1998, daktari alimmulika jicho moja, akammulika la pili, akanyamaza, kisha akauliza kwa nini tumechelewa hivi. Hapakuwa na mtoto wa jicho. Ilikuwa presha ya macho, yaani glakoma, na neva za macho yote mawili, zile zinazopeleka picha kwenye ubongo, zilikuwa karibu zimekwisha.

Mama aliposikia neno presha, alirudi nyumbani akaanza kumpikia baba bila chumvi. Hakuna aliyemweleza kwamba presha ya macho si presha ya damu, kwamba hii inatokana na maji yaliyomo ndani ya jicho lenyewe. Baba alikula chakula kisicho na chumvi mpaka alipofariki mwaka 2009, na sikumsikia akilalamika hata siku moja. Katika mambo yote, hilo la chumvi ndilo linalonichoma zaidi.

Mimi nikarithi cherehani.

Mwaka 2022, nikiwa na miaka 44, tundu la sindano lilianza kunikimbia. Nikawa nanyoosha mkono mbali ili nilipate. Hilo ni jambo la umri na halina ubaya wowote. Nikanunua miwani ya kusomea kwa mchuuzi barabarani, nikaivaa, tundu likarudi pale pale. Kazi ikaendelea. Mpwa wangu asingeikalia miwani ile ikavunjika, nisingekuwa na haya ya kusimulia, kwa sababu ndipo nilipokwenda dukani mjini kupimwa kama inavyotakiwa. Nasema hivi kwa uzito: ile miwani ya barabarani inafanya kazi yake vizuri mno. Inakurudishia sindano, unaondoka umeridhika, na hakuna aliyekutazama nyuma ya jicho.

Binti aliyenipima pale dukani hakuwa na haraka. Aliniuliza, "Mama, kwenu kuna mtu aliyepofuka?" Nikamwambia baba. Akaacha habari ya miwani, akachukua chombo chake akanimulika kwa muda mrefu. Alinieleza kwamba pale neva inapotokea nyuma ya jicho pana umbo kama sahani yenye kibakuli katikati, na kibakuli cha jicho langu la kushoto kimepanuka kuliko cha kulia. Presha yangu ilikuwa 17 kulia na 18 kushoto, na kawaida huhesabiwa kuwa kati ya 10 na 21. Mimi nilipumua. Yeye hakupumua. Aliandika barua, akaniambia niende nayo hospitali ya macho, nisingoje.

Nikangoja. Ilikuwa Machi, Ramadhani inakaribia, na fundi wa kanzu halali kabla ya Idi. Nilikwenda Mei, hospitali moja ya macho huko Upper Hill, na barua imekunjika mkobani.

Kabla ya kuingia chumba cha mashine nilikuwa na hofu ya sindano ndani ya jicho. Hapakuwa na sindano. Unaweka kidevu juu ya kiti chake, paji la uso linagusa utepe, unatazama alama ndogo ya mwanga iliyo mbele yako na kujizuia kupepesa. Hakuna kinachogusa jicho. Mwanga unaofanya kazi uko jirani na mwekundu, sehemu ambayo jicho haliuoni vizuri. Ni sekunde chache tu kwa kila jicho. Kipimo hicho watu wa hospitali wanakiita OCT. Kinafanana kimawazo na ile altrasaundi ya wajawazito, ila badala ya sauti kinatumia mwanga: mwanga unatumwa ndani, unarudishwa na kila tabaka kwa wakati wake, na mashine inachora tabaka hizo kana kwamba umelikata jicho kwa wembe ukalitazama kwa ubavu.

Mara ya kwanza picha yangu ilikataliwa. Macho yalikuwa makavu, ishara iliyorudi ilikuwa hafifu, na kijana wa mashine akasema picha hafifu huonyesha upungufu usiokuwepo. Akanitia matone ya kulainisha, nikapepesa, tukarudia. Namshukuru kijana yule. Angetaka kumaliza foleni tu, ningetoka na karatasi ya uongo.

Daktari aliitandaza karatasi mezani. "Neva ya jicho ina nyuzi kama milioni moja," alianza.

"Nyuzi?"

"Nyuzi, mama. Nyembamba sana."

Kuanzia hapo nilimwelewa. Mteja akiniletea kanzu ya zamani niipunguze, sianzi kwa mkasi. Naiinua kwenye mwanga wa dirisha. Mkononi kitambaa kinaweza kuwa kizima kabisa, lakini kikiwa kwenye mwanga unaona pale kwapani na pale pa kukalia nyuzi zimekonda, mwanga unapenya. Tundu huja mwisho. Nilipomwambia hivyo, daktari akasema ndiyo hasa kazi ya mashine ile: kuona pale palipokonda kabla ya tundu. Akaongeza kwamba mtu anaweza kupoteza robo hadi theluthi ya nyuzi hizo ndipo kipimo cha upeo wa kuona kianze kuonyesha kasoro. Hata hapo mwenyewe hajui, kwa sababu jicho la pili linamfichia, na ubongo unajaza palipopungua kwa rangi ya vitu vya jirani. Haoni weusi wowote. Anaona barabara isiyo na mkokoteni.

Unene wa tabaka la nyuzi hupimwa kwa mikroni, na milimita moja ina mikroni 1,000. Unywele wa kichwa ni kama mikroni 70. Jicho langu la kulia lilikuwa na wastani wa 92, la kushoto 77. Karatasi ilikuwa na mstari wenye nundu mbili, kwa sababu nyuzi ni nene zaidi upande wa juu na upande wa chini wa neva. Katika jicho la kushoto nundu ya chini ilikuwa imebonyea. Na palipobonyea palipakwa rangi nyekundu.

Nilipoona nyekundu nilianza kulia. Nilimwona baba. Daktari aliniacha nilie, kisha akanieleza rangi zile maana yake, na ningependa kila anayeshika karatasi kama hiyo aelezwe hivyo hivyo. Mashine ina kumbukumbu ya macho ya watu wazima wa afya, inakulinganisha na wa umri wako. Kijani ni kwamba uko pamoja na wengi. Njano ni kwamba uko katika 5 wa chini kwa kila 100. Nyekundu, uko katika 1 wa chini. Basi. Haijasema una ugonjwa. Mwenye jicho la kutoona mbali kwa kiwango kikubwa anaweza kupakwa nyekundu na hana glakoma. Na aliyezaliwa na nyuzi nene anaweza kupoteza nyingi na bado karatasi ikamwonyesha kijani.

Nikamuuliza hao watu wa kumbukumbu ni akina nani, wanafanana nasi? Alikubali kwamba Waafrika ni wachache katika nyingi ya kumbukumbu hizo, na macho yetu yana tofauti zake: mara nyingi ile sahani ya neva ni kubwa zaidi, na konea, kioo cha mbele cha jicho, ni nyembamba zaidi. Alipima unene wa konea yangu ukawa mikroni 488, wakati watu wengi wako karibu na 540. Konea nyembamba huifanya mashine ya presha isome chini kuliko ilivyo. Kwa hiyo ile 18 iliyonifanya nipumue dukani haikuwa 18. Na hata ingekuwa, wapo watu ambao neva zao huharibika presha ikiwa ndani ya kawaida.

Kisha nikafanyiwa kile kipimo cha upeo wa kuona, cha kubonyeza: unatazama katikati ya bakuli jeupe, vinuru vinatokea pembeni kimoja kimoja, ukikiona unabonyeza. Nilipata vyote. Kwa kipimo hicho peke yake, nilikuwa mzima.

"Sitakuanzishia dawa leo kwa sababu ya karatasi moja," daktari alisema. "Rudi baada ya miezi minne, mashine hii hii. Wa kukulinganisha naye vizuri zaidi ni wewe mwenyewe."

Nilirudi Septemba. Kijana yule yule, alama ile ile ya mwanga. Bonde lilikuwa pale pale, upande wa chini wa kushoto, na kibakuli kikilingana nalo. Siku hiyo nikaanza latanoprost, dawa ya matone ya kupunguza presha ya jicho, tone moja kila usiku. Kupunguza presha ndiyo njia iliyothibitishwa ya kupunguza kasi ya ugonjwa huu. Nyuzi zilizokwenda hazirudi. Kope zangu zimekuwa ndefu kwa sababu ya dawa hiyo, na wiki za kwanza macho yalikuwa mekundu.

Kuna swali moja ambalo daktari aliniuliza na halijaniondoka moyoni. Alitaka kujua kama nimewahi kutumia matone ya kutuliza macho yanayowasha niliyonunua bila kuandikiwa. Nilikuwa nimetumia, miaka ya nyuma, na dada mmoja mtaani alikuwa akimtia mwanawe kila vumbi linapozidi. Baadhi ya matone hayo yana steroidi, dawa za kutuliza uvimbe, kama deksamethasoni. Yanatuliza kuwasha haraka, na yakitumiwa muda mrefu yanaweza kupandisha presha ya jicho kimyakimya, hata kwa mtoto. Jioni ile sikupitia nyumbani kwanza. Nilikwenda kwa yule dada, nikamwomba anionyeshe kichupa, tukakisoma pamoja chini ya taa. Kesho yake alimpeleka mtoto kupimwa.

Nilipouliza mashine hii imetoka wapi, niliambiwa kazi ya kwanza ilichapishwa mwaka 1991 na watafiti wa chuo cha MIT na wenzao huko Boston, Marekani. Nilihesabu. Mwaka huo nilikuwa na miaka 13, na chai ya baba ilikuwa imeanza kumwagika.

Nina kaka mkubwa. Aliyezaliwa tumbo moja na mwenye glakoma ana hatari iliyo mara kadhaa ya mtu mwingine, na sisi tulikuwa na baba, na sasa mimi. Nilimwambia mara nne. Alikuwa dereva wa lori kati ya Mombasa na Nairobi. "Dadangu," alinijibu, "mimi usiku wa manane pale Mtito Andei naona sungura akikatiza. Macho ya namna hiyo yana nini?" Nilisikia sauti ya mama ikisema asubuhi ametunga uzi. Sikugombana naye. Nilijuta baadaye kwamba sikugombana naye.

Alikuja mwenyewe mwaka 2023, baada ya kioo cha kushoto cha lori kung'olewa mara mbili ndani ya mwezi mmoja.

Jicho lake la kushoto lilisoma 52. Mimi kwa sasa najua kusoma namba hizo, nikaangalia sakafu. Daktari alieleza kwamba mashine haishuki mpaka sifuri. Karibu na 50 kinachobaki kupimwa si nyuzi tena, ni mishipa ya damu na vitu vya kushikilia. Mtu akifika huko, uharibifu unaweza kuendelea na namba isisogee. Kipimo kilichonifaa mimi kilikuwa kimechelewa kumfaa yeye. Kuanzia hapo angefuatiliwa kwa kile cha kubonyeza.

Niliruhusiwa kukaa kwenye kona ya chumba wakati anakifanya. Nilisikia akibonyeza, akibonyeza, kisha kimya. Kimya kirefu. Mashine ilikuwa inaendelea kutoa vinuru vyake, nikisikia mlio wake mdogo. Yeye akatulia kwa subira, kidole juu ya kitufe, kisha akauliza kwa adabu, "Kijana, imezimika?"

Hakuendesha lori tena baada ya siku hiyo. Aliukabidhi ufunguo mwenyewe kwa tajiri wake, na hiyo kazi ilikuwa ndiyo maisha yake.

Ana pumu tangu utotoni, kwa hiyo timolol, tone la bei nafuu linalopatikana karibu kila mahali, halimfai kabisa; linaweza kumbana kifua. Alipigwa kwanza mionzi ya leza ya kupunguza presha ya jicho. Daktari alitutajia utafiti uliofanywa karibu nasi, hospitali ya KCMC kule Moshi, Tanzania, uliochapishwa mwaka 2021: baada ya mwaka mmoja leza ilikuwa imefaulu kwa asilimia 61 ya macho, timolol kwa asilimia 31. Kwa jicho la kulia la kaka imesaidia mpaka sasa. La kushoto lilihitaji upasuaji wa kufungua njia ndogo ya maji. Ulikwenda salama. Haukumrudishia chochote, wala hatukuahidiwa.

Watu huniuliza niende wapi. Kenyatta kuna kliniki ya macho, Loresho kuna hospitali ya Lions, Kikuyu nako kuna hospitali ya macho inayojulikana nchi nzima. Muhimu zaidi ni swali utakaloingia nalo. Usiseme nataka miwani. Sema nataka nitazamwe neva ya jicho, na kama kwenu kuna aliyepofuka, litaje hilo mwanzo kabisa, hata kama ukoo uliliita uzee au mtoto wa jicho. Ukipigwa picha, omba nakala yako. Mimi zangu ziko kwenye bahasha ya plastiki pamoja na karatasi za vipimo vya wateja, na nikienda naibeba. Kushoto ilikuwa 77, ikaja 76, ikaja 77. Mashine yenyewe hupishana mikroni chache kati ya siku na siku, kwa hiyo daktari anasema hapo hapajasogea kitu. Gharama ya picha zile ni kama kushona kanzu tatu, na kwangu kanzu tatu ni wiki. Nazishona.

Binti yangu ana miaka 19. Likizo ya Desemba nilimpeleka akapigwa picha yake ya kwanza. Nundu zake mbili zimesimama vizuri, zote kijani. Aliniuliza basi kwa nini tumekuja, nikamwambia tumekuja kuchukua kipimo cha kuanzia, kama ninavyompima mtoto wa darasa la kwanza sare, nikijua atarudi.

Kaka siku hizi hukaa nami dukani. Anashona vifungo, na anavishona vizuri. Saa tatu usiku simu yake inalia, na yangu inalia, mimi naanza kumtia tone, kisha najitia mwenyewe. Asubuhi anatunga uzi bila kuniita. Chai yake naiweka upande wa kulia.